Vita havinyeshi kama mvua: tuyatafakari ya Kilosa, Mvomero na milima ya Uluguru



Neno vita linapotajwa, fikra za wengi wetu huruka mbali. Huwaza mji wa Goma, ulioingiwa na waasi wa M23 Januari 2025, au mji wa Khartoum, ambako majenerali wawili waliokuwa wakitawala pamoja waligeukiana Aprili 2023 na kuiteketeza nchi yao. Tukishatazama picha hizo tukiwa majumbani mwetu, humshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya amani. Kushukuru ni wajibu. Lakini shukrani isiyo na mazingatio ni nusu ya shukrani, kwa kuwa mkoa wetu wa Morogoro nao una makaburi ambayo hayakuchimbwa na maradhi wala uzee.

Mwanzoni mwa Desemba 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, wanawake na watoto wakiwamo. Waliouawa walikuwa wakulima. Walioshambulia walikuwa wafugaji. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena katika wilaya hiyo hiyo. Wilayani Mvomero, bonde la Mgongola limeshuhudia mapambano baina ya wafugaji wa Kambala na wakulima wa vijiji jirani, na mwishoni mwa mwaka 2015 huko Dihinda mifugo ilikatwakatwa kwa mapanga. Vyombo vya habari viliyaita mambo hayo migogoro. Waliokimbia na watoto mgongoni waliyaita kwa jina jingine, nalo ni vita.

Leo tujiulize swali ambalo ni nadra kuulizwa katika vikao vyetu: vita ni nini hasa, na hutoka wapi?

Muuaji na mpiganaji

Kuua kupo katika kila jamii. Mtu hugombana na mwenzake kilabuni, akampiga kisu, akatoroka. Huyo ni muuaji. Hujificha, na hata mama yake mzazi huinamisha kichwa kwa aibu. Vita ni jambo jingine. Katika vita mtu huua mchana kweupe, naye hurejea kwao akapokewa kwa vigelegele. Aliyeuawa hakumkosea yeye binafsi; pengine hakuwahi hata kumwona. Ameuawa kwa sababu ya kundi alimozaliwa, na aliyemuua ametenda kwa niaba ya kundi lake.

Hii ndiyo maana wataalamu wa elimu ya jamii husema kwamba vita ni tendo la jamii, si tendo la mtu mmoja. Ili vita viwepo, ni lazima kwanza jamii ikubali mambo mawili: kwamba kosa la mmoja ni kosa la wote wa upande wa pili, na kwamba damu ya wote hao imekuwa halali. Mambo haya mawili yasipokubaliwa, patakuwa na ugomvi, patakuwa na kesi, lakini hapatakuwa na vita.

Je, binadamu ameumbwa apigane? Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara inatusimulia kwamba Malaika walipoambiwa kuhusu khalifa atakayewekwa ardhini, waliuliza juu ya ufisadi na umwagaji wa damu. Kwa hiyo uwezo huo tunao. Lakini uwezo si lazima. Mwanahistoria mkubwa Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima yake kwamba hakuna taifa lililosalimika na vita, na kwamba asili yake ni watu kutaka kulipiza kisasi, kila mmoja akiungwa mkono na watu wa kundi lake. Mshikamano huo wa kundi aliuita asabiyya. Tazama alivyolipanga jambo: hakutosheka kusema watu ni wabaya, alitafuta kamba inayowafunga watu hata wakapigana pamoja.

Wataalamu wa zama zetu wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Kimarekani Margaret Mead aliandika kwamba vita ni kitu kilichobuniwa na wanadamu, si hitaji la miili yao. Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kudai kuwa tumerithi vita katika maumbile yetu. Kama vita vimebuniwa, basi vinaweza kuachwa. Na kama vinafundishwa, basi yupo anayefundisha, na mara nyingi mwalimu huyo yumo ndani ya nyumba zetu.

Milima inatoa ushahidi

Anayetaka ushahidi kwamba vita huja na kuondoka kwa sababu zinazojulikana, na aitazame milima ya Uluguru. Watu ni wale wale, koo ni zile zile, lakini hali zimebadilika mara nyingi.

Katikati ya karne ya 19, tambarare iliyo chini ya milima haikuwa mahali pa salama. Zama zile ziliitwa za misafara, na bidhaa iliyosafirishwa pamoja na pembe za ndovu ilikuwa binadamu. Chini ya milima palijengwa ngome ya Kisabengo, mtawala aliyejipatia nguvu kwa bunduki na uvamizi. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo, ulioitwa Simbamwene, umezungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta hujengwa na mwenye hofu. Vita vya zama zile havikuletwa na chuki ya makabila. Vililetwa na biashara. Palipokuwa na mnunuzi wa mtu, palipatikana mtekaji wa mtu. Biashara ile ilipokufa, ngome ilikosa kazi, na mji wa Morogoro tunaoujua leo hauna ukuta.

Kisha vikaja vita ambavyo wakazi wa hapa hawakuvianzisha wala hawakuulizwa. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, yaliyopigania Uingereza, yaliingia Morogoro mjini. Majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalikuwa yamekwisha kuondoka, yakirudi nyuma kupitia milimani kuelekea Kisaki, ambako mapigano makali yalitokea mwezi uliofuata. Ugomvi ulikuwa wa wafalme wa Ulaya. Askari wengi na wapagazi wengi walikuwa Waafrika. Kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio yanayokubalika yanasema wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Majeshi yote mawili yalikula kutoka ghala la mkulima. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, nasi tuongeze kwamba nyasi hizo zilikuwa na majina, na wengi wao hawakuandikiwa hata jiwe la kaburi.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilielezwa kuwa njema, lakini udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule usiofaa ukaja juu, na mazao yakadhoofu. Watu wakakataa. Julai 1955 umati ulikabiliana na polisi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Je, vilizuka vita? La. Malalamiko yalikuwa na anuani: yalielekezwa kwa serikali, si kwa jirani. Palikuwa na harakati za siasa za kuyabeba. Na serikali, pamoja na kiburi chake, iliuacha mpango ule. Sababu ilipoondolewa, hasira zilipoa. Milima ile ile, ardhi ile ile ya koo, na hasira kubwa, lakini vita havikuzaliwa.

Vita vya Kilosa vilizaliwaje?

Sasa turudi bondeni. Maelezo mawili husikika sana. La kwanza ni kwamba Wamasai na Waparakuyo ni watu wa vita kwa asili. La pili ni kwamba ukame na uchache wa ardhi huwalazimisha watu kupigana. Yote mawili hayatoshi.

La kwanza linabatilishwa na maisha ya kila siku. Kwa miaka mingi mfugaji na mkulima wamekuwa wakihitajiana. Maziwa hubadilishwa kwa mahindi. Baada ya mavuno ng'ombe huingia shambani kula mabua na kuacha samadi. Siku ya mnada wote hukutana, wakapimana bei na kutaniana. Kama ushari ungekuwa damuni, siku za amani zisingekuwa nyingi kuliko za vita.

La pili lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Ni kweli watu wa mkoa wa Morogoro wameongezeka, kutoka takriban 2,200,000 katika sensa ya mwaka 2012 hadi takriban 3,200,000 katika ile ya mwaka 2022. Lakini ardhi haikupungua kwa kuliwa na jua. Ilipunguzwa na maamuzi. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua udongo bora wa Kilosa tangu enzi za ukoloni, na bei ya mkonge ilipoanguka mengi yaligeuka vichaka huku wanakijiji jirani wakikosa ekari moja ya kulima. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ranchi ya Mkata nayo ilitwaa nyanda za malisho. Miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Ihefu mkoani Mbeya. Mwanzoni mwa 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa. Na mwaka 2012 ikafuata ya bonde la Kilombero. Ng'ombe hafutiki kwa operesheni. Akitolewa bonde hili, huhamia bonde lile, na kila ahamiapo hukuta shamba la mtu.

Hata hivyo vijiji vingi vina uchache wa ardhi na havipigani. Ni nini kilichozidi Kilosa? Watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wao juu ya mauaji yale. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba rushwa iliwafanya watu wa pande zote mbili wakose imani na vyombo vya kutoa haki. Hapa ndipo pana kiini cha jambo.

Hebu tufuate hatua moja baada ya nyingine. Ng'ombe wanaingia katika shamba la mpunga usiku. Mkulima anapeleka shauri. Anaambiwa njoo kesho, na kesho haifiki, kwa kuwa mwenye mifugo amekwisha kutoa kitu. Mkulima anaamini kwamba haki inauzwa, naye hana cha kununulia. Siku nyingine sungusungu wanakamata ng'ombe wasio na kosa na kudai faini isiyo na stakabadhi. Mfugaji naye anaamini kwamba haki inauzwa, na yeye ndiye anayefanywa soko. Wote wawili ni wakweli katika malalamiko yao. Na hapo kila mmoja anafikia uamuzi ule ule: haki nitaitafuta kwa mkono wangu.

Hatua inayofuata ni ya asabiyya. Hasemi tena kuwa fulani kalisha shamba langu. Husema Wamasai wamelisha mashamba yetu. Hasemi fulani kachukua ndama wangu. Husema Waswahili wametunyang'anya mifugo yetu. Herufi chache zimebadilika, lakini mlango wa vita umefunguka, kwa kuwa sasa kosa la mmoja limekuwa la wote. Kisha huja uvumi: kijana ameonekana amekufa mtoni, wenzetu wanajikusanya, usiku wa leo watakuja. Hakuna anayethibitisha, na kila upande hujihami dhidi ya jambo ambalo upande wa pili bado haujalitenda. Vita havina macho, lakini vina masikio makubwa.

Na tusiwasahau wanaonufaika. Ugomvi usiokwisha ni shamba kwa baadhi ya watu. Yupo anayekula faini. Yupo anayeuza ardhi moja kwa watu wawili. Yupo anayeomba kura kwa kuahidi kuwafukuza wale. Hao huwaoni siku ya mapambano, wala watoto wao hawamo katika orodha ya maiti.

Darfur: mwisho wa njia hii

Anayedhani haya ni madogo na alitazame jimbo la Darfur nchini Sudan. Huko nako walikuwapo wakulima na wafugaji wa ngamia na ng'ombe, wakigombea visima na malisho, na wazee wao walikuwa na utaratibu wa kusuluhisha na kulipa dia. Utaratibu huo ulidhoofika, silaha zikaenea, na vita vilipolipuka mwaka 2003 serikali ya Khartoum iliamua kuupa silaha upande mmoja. Wanamgambo wa Janjaweed wakachoma vijiji. Miaka ikapita, wanamgambo hao wakageuzwa jeshi rasmi lenye magari na dhahabu, na Aprili 2023 jeshi hilo likaigeukia dola iliyolilea. Moto uliowashwa katika nyumba ya jirani ulirejea ukaichoma Khartoum yenyewe.

Tuzingatie jambo jingine. Katika Darfur waliouana wote ni Waislamu. Msikiti haukuwazuia, kwa sababu asabiyya ilikuwa imekwisha kukaa mahali pa udugu. Waarabu wa zama za Jahiliya walipigana vita vya Basus, vinavyosimuliwa kuwa vilidumu miaka arobaini baina ya Bakr na Taghlib, na chanzo chake kilikuwa ngamia jike mmoja. Jahiliya si zama zilizopita tu. Ni hali, na hurejea kila inapoachiwa nafasi.

Hukumu ya shamba na kondoo

Huenda wapo wasiofahamu kwamba Qur'ani imetaja kesi ya mkulima na mfugaji. Katika Suratul Anbiyaa tunasimuliwa kuhusu Nabii Daudi na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Daudi aliona kondoo wapewe mwenye shamba kuwa fidia. Nabii Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe mali yake.

Tuipime hekima hii. Hukumu ilitazama ukubwa wa hasara, haikutazama kabila la mwenye kosa. Ilimlipa aliyedhulumiwa bila kumfilisi aliyekosa. Na ilimfanya mfugaji ashike jembe, na mkulima akamue maziwa, hata kila mmoja akaonja jasho la mwenzake. Vilevile imepokewa kwamba ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya mtu akaharibu, na Mtume (s.a.w.) akaweka kanuni: mchana wenye mashamba walinde mashamba yao, na usiku wenye mifugo waibebe dhamana ya mifugo yao. Ni kanuni fupi ambayo mtoto anaweza kuihifadhi. Panapokuwa na kanuni inayojulikana na wote, na mwamuzi asiyenunuliwa, ng'ombe aliyepotea hubaki kuwa ng'ombe aliyepotea tu.

Wazee wetu nao hawakukosa busara. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani, huzikana na kutupiana maneno bila mtu kukasirika. Utani ni chombo kilichobuniwa na jamii kuzika vita. Waliobuni vita walibuni na dawa yake.

Sheria za nchi yetu nazo zimeweka milango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Sheria ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa mipango ya matumizi ya ardhi, ili ijulikane kabla ya msimu wapi ni pa kulima, wapi ni pa malisho na njia ya kupitisha mifugo kwenda majini ni ipi. Tatizo si kukosekana kwa milango. Tatizo ni kwamba vijiji vingi havijui nani ameketi katika baraza hilo na ramani yao imefungiwa katika kabati gani.

Wajibu wa familia

Kwa kuwa vita hufundishwa, na amani nayo ifundishwe. Kwanza, tuchunge ndimi mbele ya watoto. Mtoto anayekua akisikia kwamba jirani ni mnyama, siku ya siku hatahitaji kushawishiwa.

Pili, tuthibitishe habari. Suratul Hujurat imetuamuru kuichunguza habari ya mtu fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na simu za mikononi zimewafanya mafasiki kuwa wengi na wepesi. Ujumbe wenye picha ya maiti usipelekwe kwa mwingine kabla ya kujua ni wa lini na ni wa wapi.

Tatu, tukatae kuchangia silaha na faini zisizo na stakabadhi, hata kama mchangishaji ni ndugu yetu. Sura hiyo hiyo inapozungumzia makundi mawili ya waumini yanayopigana, imetuamrisha kusuluhisha kwa uadilifu, na uadilifu huanza kwa kumwambia wa upande wako kwamba hapa umekosa. Kumsaidia ndugu anayedhulumu ni kumshika mkono.

Nne, mkutano mkuu wa kijiji usiachiwe wachache. Tuulize hadharani mpango wa ardhi uko wapi, mipaka ni ipi, na faini ya mwaka jana ilikwenda wapi. Maswali haya ni machungu, lakini ni nafuu kuliko sanda. Na haki hii ya ujirani haina sharti la dini: mfugaji asiyeswali nasi ana haki ya jirani kwetu kama alivyo nayo anayesimama nasi safu moja.

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, mkulima wa Mvomero hutayarisha majaruba yake, na mfugaji hutafuta nyasi mahali pakavu. Njia zao hukutana katika bonde lile lile. Ratiba hiyo inajulikana tangu zamani, wala haimshtui mtu. Kwa hiyo kikao cha wazee wa pande mbili kifanyike kabla ya mvua, sio baada ya maziko.

Wabillahi Tawfiq.